Angalia Sipiyu

Hakuna kitu alichokinunua Mpimaji kikabaki kizima. Kikishaingia mikononi mwake na kumridhisha, alikikata mkato mmoja mdogo kwa kisu, pembeni, mahali ambapo kidole gumba kinaweza kuupata hata gizani. Viti vya dukani vilikuwa na mkato. Mpini wa jembe lake ulikuwa nao, na mbuzi ya kukunia nazi, na fremu ya mlango, hata ule ubao tulioandikia bei za fotokopi. Mimi ni mtu ambaye mstari ukipinda kwa upana wa unywele sipati usingizi. Nimefanya kazi kwa miaka katika duka ambalo kila kitu kilikuwa na jeraha, na ninaandika haya nikiwa bado nina hasira naye. Sitaki mtu adhani nilisubiri zipoe.

Jina la Mpimaji lilitoka kwenye kazi yake ya zamani, kabla hajaja Kibiti mjini kufungua steshenari. Kule Nyamisati, boriti za mikoko ziliposhushwa kutoka visiwani, wafanyabiashara walimwita yeye azipitie kwanza. Alikuwa anainyanyua boriti ncha moja, anaipima uzito mkononi, anaiacha idunde chini, anasikiliza mlio, kisha anapitisha kisu. Mkato mmoja maana yake imekubaliwa, iingie kwenye korija, boriti ishirini ziuzwe pamoja. Iliyooza moyo aliipiga mikato miwili iliyokatana. Hiyo haikuuzwa kwa mtu yeyote, hata kwa bei ya kutupa. Mwenye boriti alirudi nayo kwake akaichanje kuni au akazibie uzio.

Alipoacha kazi hiyo mkono wake haukuacha. Mteja akileta rimu ya karatasi, Mpimaji aliinyanyua kwanza na kutikisa kichwa kwamba ni nyepesi, imepunguzwa. Alinyanyua mapapai, watoto wa majirani, Kurani za madrasa zilizoletwa zipigwe jalada. Kwake kitu kizito kilikuwa kitu cha kweli. "Uongo hauna uzito, mwanangu," aliniambia siku nyingi, na mimi nilikuwa nacheka, kwa sababu wakati ule usemi huo ulikuwa haujanigharimu.

Kanuni yake ya pili ndiyo ninayoichukia. Alisema kisu hakirudi. Akishakata, amekata. Wanasimulia kwamba mfanyabiashara mmoja alimfuata na boriti zilizopasuka siku chache tu baada ya yeye kuzikubali, akamwomba azitazame upya. Mpimaji hakuzisogelea hata kidogo. Alimjibu kwamba jua ndilo lililozipasua, aende akalidai jua. Watu walikuwa wanaisimulia hiyo kwa kumsifu, ati mzee ana msimamo. Mimi nilikuwa najiuliza moyoni: sasa yule mwenye boriti alijengea nini?

Na bado ni mtu huyohuyo ambaye mwanamume akija asubuhi na karatasi ya talaka ipigwe chapa, alimwambia mashine ina joto, arudi baada ya alasiri. Mashine ilikuwa haina joto wala baridi. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Baadhi ya wanaume hao hawakurudi, na siku nyingine ungewaona sokoni wanapita na wake zao wamebeba samaki. Watu wengine wote aliwapa nafasi ya kubadili nia. Yeye mwenyewe hakujipa hata siku moja.

Lazima niseme na hili, maana nikilificha nitakuwa mwongo. Mimi kompyuta sikufundishwa na chuo. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu hakuyataja mbele ya wageni, nikaja mjini kutoka Mahege kutafuta kibarua, na Mpimaji akanikalisha mbele ya deskitopu yake. Hakuwahi kuigusa yeye. Kila asubuhi nilipobonyeza pa kuwashia, alisimama nyuma yangu akasema bismillahi kwa sauti, kama tunachinja. Wateja wakipungua aliniacha nijifunze ninachotaka. Nikajifunza kuchora nyumba, kwa kutazama video kwenye simu na kurudia, kurudia, hadi macho yakavimba. Siyo ramani ya mistari tu. Nilichora nyumba yenyewe ilivyo, na kivuli chake, na bati linalong'aa, na mti uani, mtu akiona anadhani imepigwa picha. Vijana wenye kazi Dar waliokuwa wanajengea wazazi wao huku Kibiti na Chumbi walianza kunitafuta. Mpimaji aliwakaribisha yeye mwenyewe na kuwaonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole kana kwamba nyumba zile amezijenga.

Tatizo lilikuwa deskitopu. Lile boksi lililokaa chini ya meza juu ya matofali, ambalo ndani yake ndimo mna kila kitu, sisi tuliliita sipiyu. Sikulitunga mimi. Kibiti nzima inaliita sipiyu, fundi analiita sipiyu, hata wanaouza wanaandika hivyo. Nilipokuja kujifunza kwamba sipiyu hasa ni kidude kidogo kama biskuti kilichomo ndani, kinachofanya mahesabu, na kwamba kila kompyuta inacho, hata laptopu, hata simu, niliona ni jambo dogo. Sikumwambia mtu. Nilijifunza nikanyamaza, nikawa na maana mbili za neno moja kichwani, nikisema hili na huyu na lile na yule, bila kuchanganya.

Sipiyu yetu ilikuwa balaa. Umeme ukikatika inazima na kazi yote, na huku kwetu umeme haupigi hodi ukiondoka. Picha moja ya nyumba ilihitaji iachwe ipikike toka asubuhi hadi magharibi, na mara nyingi ilizimika saa kumi, imebaki kidogo. Ikiharibika Mpimaji aliipakata kwenye bodaboda kama mbuzi mgonjwa akaipeleka kwa fundi, akarudi nayo analalamika. Alisema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini sipiyu hii ina miaka na bado inakula tu. Alisema akifa isije ikatokea mtu akamrithisha mwanawe. Nilimsikia akiilaani mbele ya wateja zaidi ya nilivyomsikia akiilaani serikali.

Ndipo ikaja kazi. Kampuni moja ya ujenzi ya Dar iliona nyumba zangu kwa mteja wao, wakanipa jaribio. Walitaka nichore nyumba ya wageni yenye vyumba vingi, nje na ndani, pamoja na video fupi ya mtu anavyoingia mlangoni na kupita ukumbini. Wakiipenda, nitafanya kazi zao zote nikiwa hapahapa Kibiti, kwa mshahara wa mwezi. Wakanipa tarehe ya mwisho. Deskitopu ile ilikuwa haiwezi hata kuifungua kazi hiyo. Ilitakiwa laptopu, na laptopu yenye nguvu, yenye betri ya kuvuka giza. Akiba ya duka na ya kwangu zikiwekwa pamoja zilitosha.

Kilichobaki kilikuwa kuichagua, na hapo naomba mnivumilie, kwa sababu hapo ninajikasirikia mwenyewe. Sikuweza. Nilisoma habari za laptopu hadi nikaziota. Nilichagua moja, nikasoma kwamba inapata joto, nikaiacha. Nyingine kioo chake kilikuwa kinadanganya rangi. Nyingine ilikuwa kamili, lakini mtu mmoja asiyejulikana, huko asikojulikana, aliandika kwamba bawaba yake ilivunjika, na mimi nikarudi mwanzo. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoitaka kazi. Tarehe ilikuwa inakuja, na Mpimaji kila siku ananiuliza, "Binti, umeshapata?" na mimi namjibu bado kidogo, Mzee.

Akaenda Dar kutibiwa macho. Hakuniambia kwamba ameondoka na akiba. Mchana nikapigiwa simu, nyuma yake makelele ya Kariakoo, akasema yuko dukani, mbele yake laptopu zimepangwa kama maandazi, nimwambie moja tu la kuzingatia, si mia.  Nilitaka kumwambia aondoke humo. Nilitaka kumwambia anipe muuzaji niongee naye, lakini salio lake lilikuwa linakwisha na sauti inakatika. Nikachagua lile lililo kubwa kuliko yote.

"Mzee, angalia sana sipiyu," nikasema. "Angalia sipiyu."

"Nimekusikia, mwanangu. Nimekusikia," akajibu, na simu ikakatika.

Alirudi kesho yake na boksi. Watu wa kinyozi jirani wakaja kutazama, na muuza kahawa na birika lake. Mpimaji aliitoa laptopu mwenyewe, akaipokeza kila mmoja aipime mkononi. Ilikuwa nene na nzito kama tofali la kuchoma. Kabla sijaifungua nikajua. Ilikuwa ya zamani, ya ofisini, ya kuandikia barua.

"Muuzaji alikuwa mjanja," Mpimaji akawaambia. "Alinishikisha moja nyembamba, nyepesi kama kifaranga wa jana. Ananiambia, mzee, hii sipiyu yake kali sana. Nikamwambia, kijana, weka hiyo mbali. Binti yangu amenionya mapema kuhusu sipiyu. Sipiyu tunayo nyumbani, inatutafuna. Akaleta nyingine, naye anaanza, hii sipiyu yake... Nikamwambia, nionyeshe ambayo sipiyu yake huisifii."

Walicheka. Kinyozi alimpiga bega akasema mzee si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nilikuwa nimesimama na neno langu mwenyewe kooni. Angalia. Mama anapomwambia mtoto angalia nyoka, hataki mtoto akamchunguze nyoka. Nilimwonya. Kwa kinywa changu nilimwonya dhidi ya kitu pekee nilichokuwa nakihitaji.

Niliifungua hata hivyo. Niliweka kazi ya nyumba ya wageni, na feni ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa. Kioo kikaonyesha ukuta mmoja usio na rangi. Kisha ikazima yenyewe, na umeme upo.

Watu walipotawanyika nikamwomba tuirudishe. Nilitumia adabu yote niliyofundishwa. Nikasema, Mzee, hii si mbaya, ila kwa kazi yangu haitoshi, na muda bado upo. Akanitazama kwa macho yake yenye dawa.

"Nshaikata," akasema.

Akaigeuza akanionyesha. Pembeni kulia, chini ya kioo, kulikuwa na mkato mmoja mdogo, safi, na plastiki nyeupe inaonekana ndani yake kama mfupa.

Nilipiga simu dukani mwenyewe, namba ilikuwa kwenye risiti. Muuzaji alikuwa mtu mzuri, nalisema hilo. Alimkumbuka mzee. Akasema anaweza kubadilisha, tena ile nyembamba bado ipo, alimradi mashine iwe kama ilivyotoka. "Haina mkwaruzo, dada?" akaniuliza. Nikaweka kidole juu ya ule mkato kana kwamba angeuona kupitia simu. Nikamwambia nitampigia.

Tarehe ikapita. Kampuni ikampa kazi mtu mwingine, kwa ujumbe mfupi wenye heshima.

Sijui kama mtu asiye wa huku ataelewa kwa nini sikusema. Kwetu humwambii mtu aliyekupa kiti kwamba amekosea. Unamzunguka, unasema mambo hayakwenda. Na Mpimaji alinikubalia maneno hayo vizuri sana. Alisema riziki haikuwa hapo. Halafu akaendelea kuwasimulia watu habari ya muuzaji na sipiyu. Kila mteja mpya alipolisifia lile tofali, habari ilianza upya, ile nyembamba ikazidi kuwa nyepesi, ikafika mahali ati upepo wa feni uliitikisa mezani. Nami nimekaa palepale, ninapiga chapa barua za watu kwenye mashine ambayo haiwezi lingine, na watu wananigeukia, ati nina bahati kuwa na mzee kama huyu. Nilitabasamu. Matabasamu hayo ndiyo yaliyoniozesha. Usiku meno yalikuwa yananiuma kwa kuyakaza.

Macho yake hayakupona. Duka likafungwa, binti yake akamchukua akae naye Nyamisati, na katika kugawana vilivyokuwepo akaagiza laptopu ibaki kwangu. Kama zawadi. Nilipata kibarua steshenari nyingine mjini, nachora nyumba kwenye mashine ya mwenye duka anapoondoka. Ile nzito nikaiweka chini ya kitanda.

Juzi nilipata mnunuzi. Mwalimu mmoja anayefundisha kisiwani alitaka mashine ya kuandikia mitihani, akasema tukutane Nyamisati anapongojea boti. Bei tulikubaliana. Na mara hii, naapa, nilikuwa nimeshaichagua laptopu yangu. Niliongeza akiba, ikapungua kiasi kilekile ambacho mwalimu angelipa. Sikutaka kwenda kwa Mpimaji. Nilijiambia nakwenda tu kumjulia hali, maana watu wangesema nimepita hadi bandarini sikumwona. Njiani nilijua kwamba sivyo. Nilikuwa nakwenda kusema.

Nilimkuta uani kwa binti yake, amekaa kwenye kiti kimojawapo cha dukani. Nikampa shikamoo. Akaijua sauti.

"Marahaba. Umekuja na kitu kizito," akasema. "Nimesikia mkoba ulivyotua."

Nikamwekea mapajani. Aliinyanyua kwanza, bila shaka, kisha kidole gumba kikaenda pembeni kikapata mkato wake, akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonifungua mdomo. Nilimwambia naiuza. Nikamwambia mnunuzi yuko bandarini. Halafu nikamwambia yote, na sauti yangu haikuwa ya adabu tena, hata binti yake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko. Nikasema sipiyu si lile boksi. Nikasema sipiyu ni moyo, uko ndani ya kila moja, hauna uzito mkononi, na nilipokwambia uangalie nilitaka uchague kwa huo. Ile uliyoiita kifaranga ndiyo ilikuwa na moyo. Hii uliyoichukua imeoza toka siku ya kwanza. Nimeikosa kazi yangu, Mzee, na wewe umekuwa ukiwachekesha watu kwa hiyo.

 Kuku walipita. Mara hiyohiyo nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, ndivyo nilivyo.

"Mbona hukusema siku ile?" akauliza.

"Ulisema umeshakata."

"Nilisema." Akaipapasa tena pembeni. "Wewe ulijua neno lina maana mbili?"

"Nilijua."

"Mimi nilijua moja." Hakusema kwa kunilaumu. Ilikuwa kama anahesabu boriti. Kisha akamwita binti yake amletee kisu.

Binti akasema, "Baba, kisu cha nini?" Akakileta. Mpimaji akaupata mkato wa zamani kwa kidole, akaweka makali juu yake, na nilipofahamu anachotaka kufanya nilikuwa nimechelewa. Akakata kwa kuukatiza.  Mikato miwili, iliyokatana, kama ile ya boriti iliyooza moyo.

"Hajawahi," binti yake akasema taratibu. "Wallahi, hajawahi kuurudia."

Naandika hapa jinsi nilivyohisi, kwa sababu najua jinsi nilivyotakiwa kuhisi. Nilikasirika. Miaka yote nimekitunza kitu hiki kwa ajili ya bei yake, na yeye ananiombea radhi kwa kukiharibu mara ya pili. Simu ikalia mkobani.

"Ni mnunuzi?" Mpimaji akauliza.

"Ndiye."

"Mwambie haiuzwi. Iliyokatwa hivi haiuzwi kwa mtu, unajua. Inakaa nyumbani."

Ningeweza kumdanganya, haoni. Mwalimu wa watu asingejua maana ya alama zile, na kwa mitihani ingemfaa. Nilipokea simu, na nikasikia sauti yangu ikimwambia mwalimu asamehe, mashine imekataliwa. Akauliza imekataliwa na nani. Nikasema na Mpimaji.

Mpimaji akanirudishia laptopu kwa mikono miwili. Hakusema nimekosea, wala mimi sikusema nimekusamehe. Aliniuliza tu ile mpya ninayoitaka ina uzito gani. Nikamwambia nyepesi sana. Akaguna.

Nimerudi nayo Kibiti, na ile mpya imesogea mbali tena. Haya nimeyaandika kwenye hii hii, maana kwa maneno matupu inatosha, feni inalia tu. Bado nina hasira. Ila zamani zilikuwa zimenienea mwili mzima, sijui pa kuzishika. Sasa nikizitafuta kidole gumba kinakwenda chenyewe, pembeni kulia, chini ya kioo.